Muhidini na Uso wa Mtu wa Chumvi

Mimi ni mtu wa kushuku, na sijisifu kwa hilo wala siombi radhi. Muuza samaki akinipunguzia bei bila kuombwa, namnusa yule samaki mara mbili. Mgeni akinisalimia kwa adabu iliyozidi, napeleka mkono mfukoni kwangu. Dada yangu Sikuzani husema nilipozaliwa nilimtazama mkunga kwa jicho la upande, kana kwamba namshuku amenibadilisha. Kwa hiyo Muhidini wa Kaole alipokuja kumposa dada yangu, mwaka 2003, kijana mwenye sauti nzuri kuliko shati lake, nilianza kumchunguza siku ile ile. Sasa sote wawili tumeota mvi na bado namchunguza.

Alikulia Kaole kwenye minazi ya baba yake. Chuo cha Kurani alikuwa msomaji wa maulidi, na akianza kusoma, wanawake waliokuwa nyuma ya pazia walikuwa wakiwaziba watoto midomo ili wamsikie. Kiingereza alikiokota kwenye magofu ya kale ya Kaole. Alikuwa akiwabebea watalii mizigo, kisha anajisogeza karibu na mtu anayewatembeza, anasikiliza maelezo yale yale mara mia mpaka yakamkaa kichwani. Alipohamia mjini Bagamoyo akafungua banda la video Magomeni ya huko huko: mabati pande tatu, gunia mlangoni, mabenchi ya mbao za mnazi, na yeye mwenyewe ameketi kando ya televisheni na kipaza sauti chake, anatafsiri.

Nasema anatafsiri kwa heshima ya shemeji. Sauti ya sinema aliipunguza mpaka ikabaki mvumo tu, na kila mtu kwenye ule mkanda akasema kwa kinywa cha Muhidini. Polisi wa Ulaya walitukana kwa Kizaramo. Mama wa staringi, yule shujaa wa sinema, alimlilia mwanawe kwa Kikwere cha Fukayosi, na majambazi wote, bila kumbakisha hata mmoja, walizungumza kama watu wa Dar waliokuja kununua viwanja. Tulicheka mpaka tukasahau kwamba hatujui walichokuwa wakisema wenyewe.

Mimi kazi yangu ni chumvi. Nilianza kuikokota kwenye majaruba ya Nunge, yale mashamba ya kukaushia maji ya bahari, nikiwa na miaka kumi na saba, na asiyeijua kazi hiyo nitamweleza kwa ufupi: miguu inapasuka mpaka nyama inaonekana, macho yanaungua kwa ule weupe, na ukiingia kwenye shughuli ya watu na miguu yako ile, wenye shughuli wanakutafutia mkeka wa pembeni. Nilipokwenda kuposa, wazee wa mke wangu waliniuliza kazi yangu nikawajibu nafanya kazi huko pwani. Niliona haya kusema chumvi.

Basi mwaka 2009 Muhidini akapata mkanda mpya wa shujaa mmoja aliyetumbukia kwenye mgodi wa chumvi akiwa mtoto, akatoka humo mwili haupenywi na risasi. Muhidini akampa jina la Mtu wa Chumvi. Kwenye gamba la ule mkanda alionekana amevaa kinyago cheusi kichwa kizima, glavu nyeusi, nguo nyeusi mpaka kidole cha mguu. Muhidini akafunga spika nyuma ya baiskeli, akazunguka Nunge nzima akitangaza kwamba amepatikana staringi mweusi, mwenzetu, mtu wa majaruba kama sisi, na anayetaka kumwona aje Jumamosi baada ya alasiri.

Tulikwenda sote. Tuliacha reki na makoleo tukaenda na chumvi yetu mwilini. Mzee Mwinjuma, ambaye ndiye mkubwa wetu pale kazini na jicho lake moja limekwisha kwa ule mwanga, alikaa benchi la mbele. Na sinema ilikuwa tamu. Mtu wa Chumvi alipiga watu, alibeba lori, alipigwa risasi akajikung'uta tu. Mwishoni akafika kwa mama yake, akainua mkono ili avue kinyago, umeme ukakatika.

Uliporudi Muhidini akausogeza mkanda mbele kidogo, na staringi alikuwa amekwisha kukivaa tena. Tulilalamika kidogo tukaridhika. Umeme kukatika hapa kwetu si habari ya kumshtua mtu. Tulitoka pale vifua mbele, na nakiri bila aibu kwamba tangu siku ile mtu akiniuliza kazi nilimwambia: natoka kwenye chumvi. Vijana wa mjini waliotuita watu wa magaga, kwa ile miguu yetu iliyopasuka, wakaanza kutuita mastaringi, wengine kwa utani, wengine kwa kweli.

Mkanda wa pili ulikuja mwaka 2012, wa tatu 2016. Kila mara, mkono wa Mtu wa Chumvi ukienda kwenye kinyago, umeme unakatika. Wengine walisema ni mkosi wa banda. Mimi nilitega sikio. Kando ya barabara, hatua ishirini kutoka bandani, Hajra alikuwa akiuza barafu na juisi ya ukwaju, na friji lake ni kuukuu, likinguruma utalisikia mpaka msikitini. Ule mkanda wa tatu, giza lilipotushukia bandani, friji la Hajra liliendelea kunguruma kama kawaida.

Nikasema moyoni: umeme umekatwa bandani tu, hapa kuna mwanamke. Nilikwisha kuona kwamba kila mkanda mpya ukija, Muhidini hujifungia bandani peke yake saa nzima kabla ya maonyesho, komeo kwa ndani. Sasa ananyima watu umeme ili atoke gizani aende kwa Hajra, ambaye ni mjane na si mbaya wa sura. Hesabu yangu ilikaa vizuri kabisa. Nikaenda kwa Sikuzani nikamweleza yote, friji, komeo na ukwaju.

Sikuzani alikuwa anakuna nazi, wala hakusimamisha mkono. Aliniambia mume wake akipata mwanamke mwingine yeye atajua siku hiyo hiyo, kwa sababu ataanza kuoga mara mbili. Kisha akanicheka, na kicheko chake kilinikera kwa sababu kilikuwa cha mtu anayejua jambo. Nikamchunguza Hajra miezi minne. Sikuambulia kitu ila mapenzi ya juisi ya ukwaju.

Mwaka jana ndipo mambo yalipoharibika. Abdulnasir, dereva wa bodaboda aliyekulia kwenye mabenchi ya Muhidini, alikuja kijiweni kwetu na simu mkononi. Akatuamkia shikamoo wote kwa mpigo, akasema huko mtandaoni kumechafuka. Kumbe kuna sinema mpya ya Mtu wa Chumvi, na mchezaji aliyechaguliwa safari hii ni mweusi, na dunia nzima inagombana. Kuna wanaolia kwamba shujaa wao ameharibiwa. Wako wanaofurahi, na wako wanaosema weusi watunge mashujaa wao wenyewe waache kuazima vya watu. Abdulnasir alitusomea matusi mengine mpaka Mzee Mwinjuma akamwambia yatosha.

Kisha Mzee Mwinjuma akauliza swali tulilokuwa nalo sote:

"Wamembadilisha kutoka rangi gani?"

Abdulnasir alitafuta picha, akatupitishia simu mmoja mmoja. Palikuwa na yule yule Mtu wa Chumvi wa mkanda wa kwanza, kinyago kakishika mkononi, na uso wake ni wa mzungu, madoadoa puani, nywele rangi ya nyuzi za mahindi.

"Wazee wangu," akasema, "tumepigwa."

Hapo ukazuka ubishi ambao nadhani haukutokea mahali pengine popote duniani. Wenzetu huko waligombana kama mzungu anaweza kugeuzwa mweusi. Sisi tuligombana nani aliyemgeuza mweusi wetu kuwa mzungu. Mmoja akasema picha hizo zimetengenezwa na akili mnemba, siku hizi hata maiti anaimbishwa. Mzee Mwinjuma alikuwa na fikra yake: wenyewe wamemwona mtu amependwa, wakarudi nyuma wakampaka weupe kwenye mikanda yote ya zamani, ili sasa wakitupa mweusi tuwashukuru kwa kitu kilichokuwa chetu. Wengi waliliona hilo lina akili. Tukakumbuka kwamba mtu mmoja wa Makurunge aliwahi kutuambia kuwa mkanda huo ameuona Dar na staringi ni mzungu, nasi tukamfukuza kijiweni kwa maneno, tukamwambia kaangalia mkanda feki.

Na mimi nilikuwa na langu. Huyu mweusi mpya nilimshuku kabla sijamwona. Kwa nini sasa? Nani kawaomba? Nilisema wanatupa staringi baada ya kumvaa miaka kumi na tano mpaka amepauka, kama wanavyotupa fulana zao kwenye marobota ya mitumba, na sisi tunatakiwa tuseme ahsante. Watu wakaniitikia, nikafurahi kuitikiwa. Nilikuwa bado nimefungua mdomo kuongeza jingine nilipokumbuka lile friji.

Niliondoka bila kuaga. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nimemkagua Hajra.

Nilimkuta Muhidini bandani anapigilia msumari kwenye benchi. Hatukusalimiana.

"Shemeji," nikamwambia, "ule umeme alikuwa anaukata nani?"

Aliweka nyundo chini. Nitampa sifa yake, hakujifanya hakuelewa.

"Mimi," akasema.

Akanieleza. Ule mkanda wa kwanza alikuwa ameuonja mwanzo tu, kwa sababu asubuhi aliyoujaribu umeme ulikatika kweli, na alichokiona kilikuwa kinyago. Weusi wa kinyago akaudhani weusi wa mtu. Alipotangaza kwa spika hakuwa anadanganya, alikuwa hajui. Alikuja kujua pale mkono wa staringi ulipoanza kuinua kinyago, kipaza sauti kikiwa mdomoni na watu mia mbele yake.

"Niliona kidevu, shemeji. Chekundu kama kamba wa kuchemsha. Nikatazama benchi la mbele nikamwona Mzee Mwinjuma amesimama ili amwone mwenzake vizuri. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye swichi."

"Na mara ya pili? Na ya tatu?"

"Mara ya pili haukwenda wenyewe. Niliupeleka."

Ile saa ya komeo alikuwa anatazama mkanda na kuhesabu dakika, ajue uso unatokea wapi. Nilimkasirikia mpaka masikio yakawaka. Kwa mwanamke ningemsamehe, mwanamke ningemwelewa. Lakini kunifanya mimi, mimi Bilali nisiyeamini hata mizani ya duka, nitembee kifua mbele miaka kumi na tano kwa ajili ya swichi ya ukutani, hilo lilinichoma. Nilimwambia aseme mbele ya watu, la sivyo nitasema mimi. Sikuzani nilipomfuata akaniambia alijua tangu mkanda wa pili, na hakunieleza kwa sababu ningeanza kushuku kama kweli yeye ni dada yangu.

Ijumaa baada ya sala watu walijaa bandani bila kuonyeshwa kitu. Muhidini akasimama bila kipaza sauti akasema yote, tangu kidevu mpaka komeo. Hakuna aliyempigia kelele. Afadhali wangepiga. Mzee Mwinjuma ndiye aliyenyanyuka, akajishikiza kwa bega langu, akasema:

"Kuwa mzungu si kosa lake yule. Angekuwa mzungu wa chumvi tungempenda vile vile, chumvi ni chumvi. Ubaya ni wewe kukaa hapo miaka yote ukituona watoto."

Sijui kama ni kweli kwamba tungempenda vile vile. Lakini maneno yalikwisha kusemwa na watu wakatoka nayo.

Banda likawa jangwa. Siku za mpira walikuja, kwa kuwa mpira hauhitaji mkalimani, kila mtu anaona goli kwa macho yake. Lakini akiweka sinema, mabenchi yanabaki matupu, na wawili watatu wanaoingia wanacheka pasipochekesha, wanaulizana kwa sauti ya kumfikia kama huyo mke wa staringi ni mke wake kweli. Walianza kushuku mikanda ya nyuma. Yule aliyekufa kwenye ule wa vita, alikufa? Yule aliyesamehewa na baba yake, alisamehewa, au Muhidini alimwonea huruma tu? Njia ya mwongo fupi, wanasema, ila yeye yake ilikuwa ndefu na kila hatua ikawa inarudiwa kukaguliwa. Na Muhidini hana shamba, minazi ya Kaole waligawana kaka zake. Hana chombo wala ngalawa. Ana sauti, na sauti isiyoaminiwa hana pa kuipeleka. Nilimwona akikonda. Nilijiambia anastahili, na kila nikijiambia hivyo nilitafuta sababu ya kupita pale bandani.

Kisha ile sinema mpya ikafika, imo kwenye flashi kutoka Kariakoo. Muhidini akafunga tena spika kwenye baiskeli. Nilimsikia nikiwa jaruba la tatu, reki mkononi. Alisema Mtu wa Chumvi amerudi, na safari hii, wallahi, ni mweusi. Aliposema wallahi, watu wote pale kazini walicheka.

Lakini walikwenda. Banda lilijaa kuliko mwaka 2009, na wote walikwenda kumnasa. Abdulnasir alikuja na simu yake ili alinganishe picha. Wengine walikaa nyuma ya televisheni wachunguze nyaya. Mzee Mwinjuma alivuta kiti chake mpaka chini ya swichi kubwa, akaegemeza kichwa pale pale. Muhidini akachukua kipaza sauti, akakipuliza, akafungua mdomo.

Mtu mmoja nyuma akasema kwa upole tu, "Kizime hicho. Tutasikia wenyewe."

Muhidini alisubiri mtu ampinge yule wa nyuma. Alinitazama na mimi, na mimi nikatazama mabati. Akakizima, akapandisha sauti ya sinema, akaja kukaa kwenye benchi letu, maana hakuwa na mahali pengine pa kukaa.

Basi tulitazama Kiingereza saa moja na nusu. Hatukukielewa, na hakuna aliyekubali kuonekana hakielewi. Watu walitikisa vichwa mahali ambapo nadhani hapakuwa na la kutikisia. Ikafika pale. Mkono ukaenda kwenye kinyago, kinyago kikavuliwa, umeme haukukatika, na yule mtu alikuwa mweusi. Mweusi hasa, mweusi wa kukaa juani, kichwa kimenyolewa, macho yamechoka. Angeweza kuwa mtoto wa mtu yeyote pale ndani.

Hakuna aliyepiga makofi. Mmoja akanong'ona kwamba wamempaka. Mwingine akasema akili mnemba hiyo, tazama sikio. Abdulnasir alikuwa anatazama simu, anatazama televisheni, anatazama simu tena. Na mimi, niliyekuwa nimeitaja kazi yangu kifua mbele kwa ajili ya uso huu na kuungoja miaka kumi na tano, nilijikuta naukagua kwenye shavu na shingoni, nikitafuta mahali rangi inapokoma.

Mama yake alikuwa mbele yake, bibi wa makamo mwenye kitambaa kichwani. Akamshika yule mtu uso kwa mikono miwili, akamwambia maneno mengi polepole, na yule mtu akaanza kulia. Niliona midomo yake ikicheza na sikupata hata neno moja. Nilivumilia kadiri nilivyoweza.

"Shemeji," nikasema chini chini, bila kugeuza shingo. "Mama anasema nini?"

Muhidini naye hakugeuza shingo.

"Nikikwambia utaniamini?"

"Hapana," nikamwambia. "Lakini sema."

Akaniinamia sikioni akasema, kwa ile sauti yake ya maulidi aliyoishusha mpaka ikawa ya mtu mmoja tu. Mama alikuwa anamwambia mwanawe kwamba alimtafuta kwenye chumvi siku arobaini, akiiparua kwa mikono, na kwamba hakumtafuta kwa sababu ni shujaa. Yalikuwa maneno mazuri. Yalikuwa mazuri kiasi cha kutia shaka, na hata leo sijui kama yalikuwa ya yule mama au ya Muhidini, na sijamwuliza.